Nani Anashika Dawa? Mapendo, Uganga na Nafasi ya Mwanamke katika Ndoto ya Usiku wa Kiangazi

Utangulizi

Katika mtaa wa Bel-Air, ndani ya komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, mwanamume akionekana anamsaidia mkewe kufua nguo, au akikabidhi mshahara wote nyumbani bila kupitia kwanza kwenye pombe, majirani hawakosi kunong'onezana kwamba amelishwa dawa. Wanaosema hivyo husema kwa kucheka. Hata hivyo, ndani ya kicheko hicho mna nadharia nzima ya ndoa. Inadaiwa kwamba mume mwenye akili timamu hawezi kuwa mpole kwa hiari yake; upole wake lazima uwe na chanzo nje ya nafsi yake, na chanzo hicho ni sufuria ya mkewe. Tanzania nako wanalo jina la dawa hiyo: limbwata. Kutoka Dar es Salaam hadi Katanga, mshukiwa ni yule yule, yaani mwanamke anayepika.

Makala haya yanakusudia kuisoma tamthilia ya William Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, ambayo hapa tutaiita Ndoto ya Usiku wa Kiangazi, kwa kuanzia katika kicheko hicho. Shakespeare si mgeni katika Kiswahili. Julius Nyerere alifasiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, naye Samuel Mushi akafasiri Makbeth na Tufani, yote hayo katika miaka ya 1960. Swali letu hapa, hata hivyo, halihusu ubora wa tafsiri. Tunauliza jambo dogo ambalo, kwa maoni yetu, linabadilisha maana ya mchezo mzima: katika futuhi hii ya mapendo, nani anashika dawa?

Muhtasari wa hadithi

Tamthilia hii iliandikwa katikati ya miaka ya 1590 na kuchapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1600. Theseus, mtawala wa Athens, anajiandaa kumwoa Hippolyta, malkia wa Waamazoni, ambaye alimshinda vitani. Mzee Egeus anamleta mbele yake binti yake Hermia, ambaye anampenda Lysander lakini anaamriwa aolewe na Demetrius. Sheria ya mji inampa baba haki juu ya binti: Hermia akikataa, ama atauawa ama atafungiwa maisha miongoni mwa mabikira wa hekaluni. Vijana wawili wanatorokea msituni. Demetrius anawafuata, naye Helena, ambaye Demetrius alimpenda zamani kisha akamwacha, anamfuata Demetrius.

Msituni mna ugomvi mwingine. Oberon, mfalme wa majini, na malkia wake Titania wanagombania mtoto mmoja wa Kihindi. Oberon anaagiza ua litakalotoa maji ya uchawi: yakipakwa machoni mwa mtu aliyelala, akiamka atampenda kiumbe wa kwanza kumwona. Mtumishi wake Puck anayapaka machoni mwa Lysander kwa makosa, Oberon anayapaka machoni mwa Demetrius na Titania, na usiku mzima unageuka fujo. Titania anampenda Bottom, mfumaji nguo ambaye Puck amemvika kichwa cha punda. Alfajiri mambo yanapangwa upya, ndoa tatu zinafungwa, na mafundi wa mji, Bottom na wenzake, wanaigiza mbele ya mtawala mchezo wa mapendo wenye huzuni ambao kila mtu anaucheka.

Neno dawa

Msomaji wa Kiswahili anayo faida moja ambayo msomaji wa Kiingereza hanayo. Katika Kiingereza maji ya ua la Oberon ni maji tu ya ua, nayo yana uzuri wa kishairi unaomfanya mtazamaji asahau yanafanya kazi gani. Katika Kiswahili, cha Lubumbashi na cha pwani vilevile, hatuna budi kuyaita dawa. Neno hili lina pande mbili zisizotengana: dawa humponya mgonjwa, na dawa humfunga mzima. Anayeinunua kwa duka la dawa na anayeifuata kwa mufumu wote wawili wanatumia neno moja.

Upana huu wa neno unatusaidia kuelewa jambo ambalo limewasumbua wahakiki wengi. Mwishoni Lysander anapakwa dawa ya pili inayofuta ile ya kwanza, na Titania pia. Demetrius hafutiwi kitu. Anamwoa Helena akiwa bado amepakwa dawa machoni. Je, mapendo yake ni ya kweli? Yeye mwenyewe anajieleza kwa mfano wa ugonjwa: anasema alipokuwa anamtaka Hermia alikuwa kama mgonjwa anayechukia chakula alichozoea, na sasa amepona. Maelezo haya yana nguvu, kwa sababu ni kweli kwamba alimpenda Helena kabla ya Hermia. Basi dawa ya Oberon imemponya au imemfunga? Kiswahili hakitulazimishi kuchagua. Kinatuambia kwamba anayeipokea dawa hana njia ya kujua tofauti, kwa kuwa aliyefungwa naye husema amepona. Majirani wa Bel-Air wanalijua jambo hili vizuri sana.

Dawa mikononi mwa mume

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa kuwa mtazamaji wa kwetu amezoea kumshuku mke, angetegemea kwamba dawa itatoka kwa mwanamke. Helena ndiye angefaa: ameachwa, amedhalilika, anamfuata mwanamume msituni huku akijilinganisha na mbwa wa kufuata bwana wake. Katika simulizi nyingi za mjini mwanamke wa hali hiyo angekuwa tayari mlangoni kwa mufumu. Lakini Helena hana dawa. Hermia hana. Titania, ambaye ni malkia wa majini na ana uwezo wa kubadili hata majira ya mwaka kwa ugomvi wake, hatumii dawa dhidi ya mumewe. Ua, amri, mtumishi na shabaha vyote viko mikononi mwa Oberon, yaani mikononi mwa mume.

Na mume huyu anaitumia kwa lengo gani? Hapa inafaa kumkumbuka mtoto wa Kihindi. Titania anaeleza kwa nini hawezi kumtoa: mama yake alikuwa rafiki na mfuasi wake, alifariki alipokuwa anajifungua, naye Titania anamlea kwa ajili ya kumbukumbu ya mwenzake. Katika mchezo mzima ni nadra kuwasikia wanawake wawili wakiunganishwa na jambo lisilokuwa mwanamume. Oberon, kwa upande wake, anamtaka mtoto awe mmoja wa watumishi wake. Hoja ya Titania ni ahadi, na hoja ya Oberon ni kutaka. Anaposhindwa kwa maneno anatumia dawa. Mkewe anapolala na kuamka akimkumbatia punda, Oberon anakwenda kumdhihaki, anamdai mtoto, naye anampa papo hapo. Kisha anamfungua.

Tukiyatoa mapambo ya mwezi na maua, tunabaki na tendo hili: mume amepata ridhaa ya mkewe kwa kumlevya. Mtazamaji anacheka kwa sababu ya punda, na kicheko hicho kinafunika wizi wa ridhaa. Hatusemi kwamba Shakespeare hakuuona wizi huo. Tunasema kwamba mara nyingi tumeufundisha mchezo huu vyuoni kama sherehe ya mapendo yanayoshinda vikwazo, tukasahau kuuliza mapendo ya nani yalishinda nini.

Inafaa kulinganisha hapa na sanaa ya kwetu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliuza kwa wingi picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, ambaye humpa mwanamume utajiri kwa sharti kwamba asiwe na mwanamke mwingine. Picha hiyo ilitundikwa katika sebule za wafanyakazi na makarani. Katika mamba muntu, kama katika limbwata, nguvu ya siri ya mapendo ina sura ya kike, na mwanamume ndiye mtekwa. Tukiitazama Ndoto kutoka sebule yenye picha hiyo ukutani, Oberon anatushangaza. Anatuonyesha kile ambacho hadithi zetu zinakificha: kwamba anayelalamika kulishwa dawa mara nyingi ndiye aliyeshika sheria, mshahara na nyumba.

Sheria ya mji na sheria ya msitu

Mtu anaweza kusema kwamba mambo ya msituni ni ndoto tu, na kwamba mjini Hermia anapata haki yake mwishoni. Tulichunguze jambo hili kwa makini. Mwanzoni Theseus anamwambia Hermia kwamba sheria ya Athens hawezi kuilegeza kwa njia yoyote. Hermia amekwisha kusema wazi mbele ya baba yake na mtawala kwamba hataki. Neno lake halikutikisa chochote. Asubuhi ya siku ya ndoa, Egeus anadai sheria ile ile, na mara hii Theseus anaiweka kando kwa sentensi moja. Kitu gani kimebadilika? Hermia anataka kile kile alichokitaka jana. Kilichobadilika ni nia ya Demetrius. Sheria isiyoweza kulegezwa kwa ajili ya binti imelegea mara tu mwanamume mmoja alipoacha kudai, na tunajua kwamba aliacha kudai kwa nguvu ya dawa.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili si la kale. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtamka mume kuwa mkuu wa nyumba na kumdai mke utiifu. Mwanamke aliyeolewa alihitaji idhini ya mumewe ili atende matendo ya kisheria yanayomfunga yeye mwenyewe. Ilipofika mwaka 2016 ndipo idhini hiyo ilipoondolewa, ingawa mume amebaki na cheo cha mkuu wa nyumba. Kwa miaka karibu 30, basi, mwanamke wa Bel-Air aliyetaka kutia saini mkataba alikuwa katika hali inayofanana kwa kiasi fulani na ya Hermia: neno lake lilipata nguvu likishatanguliwa na neno la mwanamume. Katika hali kama hiyo si ajabu majirani wakidhani kwamba mwanamke hana silaha nyingine isipokuwa ile ya jikoni. Aliyenyimwa saini hushukiwa uganga.

Wanawake wenye hila bila dawa

Ili hoja yetu isionekane kuwa lawama dhidi ya mwandishi, tutazame futuhi yake nyingine. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe mjini London ulikaribisha tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, nao wasanii kutoka Kenya waliuigiza. Katika mchezo huo wake wawili wenye akili, Bi Ford na Bi Page, wanamwadhibu mzee Falstaff aliyewaandikia barua za mapenzi zinazofanana neno kwa neno. Mwishoni wanamwita porini usiku wa manane akiwa amevaa pembe, na watoto waliojivika sura za majini wanamfinya na kumchoma kwa mishumaa.

Majini hao ni wa uongo na kila mtu jukwaani anajua, isipokuwa Falstaff. Wanawake hawahitaji dawa. Wanahitaji imani ya mwanamume kwamba dawa ipo. Lakini mchezo huo huo una tukio jingine lenye uchungu. Falstaff anatoroshwa nyumbani kwa Ford akiwa amevikwa nguo za bibi mnene wa Brentford. Ford, mume mwenye wivu, anamkuta, anamwita mchawi na kumpiga kwa fimbo. Tunacheka kwa kuwa tunajua aliye ndani ya gauni. Ford hajui. Kwa kadiri ya ufahamu wake amempiga mwanamke mzee kwa tuhuma ya uchawi. Tamthilia hizi mbili, zikisomwa pamoja, zinatupa kanuni moja: tuhuma ya uganga humwangukia mwanamke, lakini uganga unaofanya kazi kweli uko chini ya amri ya mfalme.

Mafundi jukwaani, na nani aseme

Hoja yetu ya mwisho inahusu uigizaji. Katika Ndoto mafundi sita, miongoni mwao seremala, mshonaji na mfumaji, wanajifunza mchezo baada ya kazi. Flute, fundi wa mivukuto, anapewa nafasi ya msichana Thisbe naye analalamika kwamba ndevu zinamwota. Kwa watazamaji wa wakati ule utani huu ulikuwa na ncha mbili, kwa sababu Hermia, Helena na Titania wenyewe waliigizwa na wavulana. Uingereza haikuwaona wanawake katika majukwaa ya umma kwa kawaida hadi mwaka 1660.

Lubumbashi ni mji wa mafundi, na futuhi yake ilizaliwa miongoni mwao. Kundi la Mufwankolo, lililoongozwa na Odilon Kyembe aliyejulikana kwa jina hilo la jukwaani, lina mizizi yake katika miaka ya 1950. Lilisikika redioni, kisha likaonekana katika televisheni, nalo liliigiza katika Kiswahili cha Lubumbashi juu ya ndoa, fedha, ulevi, uzinzi na uganga. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha uchunguzi wao juu ya kundi hili mwaka 1981, na Johannes Fabian mwaka 1990 alieleza kwa kirefu jinsi lilivyotunga, mwaka 1986, mchezo uliotokana na methali isemayo kwamba mamlaka huliwa bila kugawanywa. Methali hiyo ingeweza kuwa kauli ya Oberon: mtoto hagawanywi, basi malkia alevywe.

Mambo mawili yanalitenga kundi hili na mafundi wa Athens. La kwanza, watazamaji wake hawakuwa watawala wanaomcheka fundi. Walikuwa watu wa hali moja na waigizaji. La pili ndilo muhimu zaidi kwetu. Wanawake waliigiza nafasi za wanawake, na waliigiza bila maandishi. Kundi lilikubaliana juu ya wazo na mpangilio wa matukio, na maneno yakatoka kwa mwigizaji mwenyewe.

Tuufikirie mwisho wa Ndoto kwa msingi huo. Titania anapoamka na kuambiwa kwamba alilala na punda, anamtaka mumewe amweleze usiku huo ulivyokwenda. Mchezo unasonga mbele kwa muziki na ngoma, na jibu hatulisikii kamwe. Katika tendo la tano Hermia na Helena, ambao tangu mwanzo walisema kwa wingi na kwa ufasaha, hawana hata neno moja. Wameolewa na wamenyamaza. Hippolyta pekee ndiye anayethubutu kupingana na mumewe, pale anapoona kwamba simulizi ya vijana wote wanne inalingana mno kuwa njozi tupu. Mwandishi aliyewanyima maneno wengine hakuweza, au hakutaka, kumnyima yeye.

Je, mwigizaji wa kike wa Lubumbashi, asiyefungwa na maandishi, angenyamaza baada ya kuambiwa habari ya punda? Hatudhani. Katika futuhi ya mji huu ugomvi wa mke ndio moto unaochemsha mchezo. Hata hivyo tusidanganyike. Michezo hiyo nayo ilizoea kufungwa kwa mafundisho, na mafundisho mara nyingi yaliurudisha utaratibu: mke mwema nyumbani, mume asamehewe. Uhuru wa kusema katikati ya mchezo hauleti lazima uhuru wa kusema mwishoni. Oberon anaweza kurudi akiwa amevaa sura ya mshauri mwema.

Hitimisho

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba tumeibebesha futuhi mzigo usiokuwa wake, na kwamba mtu anayekwenda kucheka aachwe acheke. Tunakubali kwamba mchezo huu unachekesha, na tunatumaini utaendelea kuchekesha. Tunachokataa ni wazo kwamba kicheko hakina mafundisho. Mwanafunzi anayefunzwa kuiita ndoa ya Demetrius heri tupu, na kuuita unyonge wa Titania upatanisho, anafunzwa jambo fulani juu ya ridhaa, nalo anakwenda nalo nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, tamthilia hii ifasiriwe na iigizwe Lubumbashi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho ndicho lugha ya ndoa na ya ugomvi wa ndoa katika mji huu. Kiswahili sanifu tunachokiandika hapa kinafaa kwa uhakiki, lakini hakuna anayegombana nacho Kampemba. Pili, waongozaji walipe uzito swali la Titania. Si lazima waongeze hotuba. Inatosha muziki ukawie kuanza, na malkia asimame akimtazama mumewe, akisubiri jibu, hadi watazamaji waanze kujiuliza wao wenyewe. Huenda siku ile majirani wa Bel-Air, watakapomwona mwanamume akianika nguo, wakakumbuka kwamba yuko pia mke aliyewahi kulevywa na bwana wake, na kwamba mpole si lazima awe mtekwa.